Kula Shaba: Kazi, Msitu na Udongo wa Likasi

Likasi ni mji wa madini katika jimbo la Haut-Katanga, kilometa 120 hivi kaskazini-magharibi ya Lubumbashi. Umejengwa juu ya vilima, ndani ya ukanda wa msitu wa miombo, na una komini nne: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Ufundi wa shaba katika eneo hili ni wa zamani kuliko mji wenyewe kwa karne nyingi. Watu waliyeyusha shaba hapa kabla ya reli, kabla ya kampuni, na kabla ya neno Katanga kuandikwa kwenye ramani yoyote ya Ulaya. Na kwa kuwa shaba haitoki jiweni bila moto, wala moto hauwaki bila kuni, historia ya ufundi huu ni historia ya msitu pia. Anayetaka kujua leo jinsi sanaa ya Katanga inavyoweza kuishi bila kuharibu mazingira yake atapata majibu mengi kwa kuanzia mbali, kwenye matanuri ya udongo.

Wayeyushaji wa kale waliitwa walya mukuba, yaani wanaokula shaba. Mukuba ni shaba katika lugha za eneo hilo, na kula hapa ni kule kule kwa Kiswahili cha kila siku: mtu hula kazi yake. Shaba iliyotoka kwenye tanuri iligeuzwa bangili, majembe, waya na misalaba, ikabadilishwa kwa vitambaa, shanga, au chumvi ya chemchemi za Mwashya kando ya Mto Lufira. Mwenye shaba hakulala njaa.

Ukale wa kazi hiyo umethibitishwa na wanaakiolojia. Kaskazini ya Likasi, katika bonde la Upemba, makaburi ya Sanga kando ya Ziwa Kisale yalifukuliwa mwaka 1957 na 1958, na uchunguzi uliendelea katika miaka ya 1970. Ndani yake kulikuwa na mapambo ya shaba yaliyofuliwa kwa ustadi mkubwa, ingawa bonde lile halina shaba hata kidogo: ilitoka kwenye vilima vya kusini. Kuanzia karne ya 13 hivi misalaba ya shaba inaanza kuonekana makaburini. Ya mwanzo ni mikubwa na michache. Kadiri karne zinavyosogea inakuwa midogo, mingi, na yenye vipimo vinavyokaribiana. Hapo watafiti walitambua kwamba kitu kilichokuwa alama ya heshima kilikuwa kimegeuka fedha. Msalaba wa shaba ulilipa mahari na ulinunua bidhaa, na ulibaki kuwa nembo ya nchi hivi kwamba bendera ya Katanga iliyojitenga mwaka 1960 ilichorwa misalaba mitatu.

Habari za shaba hii zilifika mbali. Mwaka 1806 wachuuzi wawili kutoka Angola, Pedro João Baptista na Anastácio José, walipita nchi hii wakielekea Tete kwenye Mto Zambezi, na maandishi yao yanataja shaba na jiwe la kijani. Katikati ya karne ya 19 walifika Wanyamwezi kutoka Tanzania ya leo, wakaitwa Wayeke, na kiongozi wao Msiri akaweka makao yake Bunkeya. Kwa njia ya misafara yao Kiswahili kiliota mizizi Katanga. Neno shaba lilikuja kusimama kando ya mukuba, na zaidi ya miaka 100 baadaye, katika enzi ya Zaire, jimbo lote liliitwa Shaba hadi mwaka 1997. Ni majimbo machache ya Afrika yaliyowahi kubeba jina la Kiswahili lililo jina la madini. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na msafara wa kapteni Stairs, na mwaka uliofuata mwanajiolojia wa Ubelgiji, Jules Cornet, alizunguka Katanga na kukuta mashimo makubwa yaliyochimbwa na wenyeji kwa vizazi vingi.

Namna kazi ilivyofanyika inajulikana kwa undani, hasa kwa sababu ya askofu mmoja. Jean-Félix de Hemptinne, mmonaki wa Kibenediktini aliyeongoza misheni ya Katanga, alikusanya masimulizi ya wazee waliokuwa bado wanaikumbuka, na mwaka 1926 alichapisha kitabu kidogo juu ya walya mukuba. Bila maandishi hayo, ujuzi ule ungezikwa na wenyewe.

Kazi ilianza kiangazi, mtama ukishavunwa. Mpango huo ulikuwa na sababu zake. Mvua zikikoma mashimo hayajai maji, kuni zinakauka, njia zinapitika, na shamba halihitaji mikono. Watu wa kijiji walihamia karibu na machimbo na kujenga vibanda vya muda. Wanawake na watoto waliokota malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, juu ya ardhi, na wanaume walichimba wakifuata mshipa wa jiwe hilo. Hawakwenda chini sana. Walipokuta maji au mwamba mgumu, waliliacha shimo na kufungua jingine, kwa hiyo walichukua tu tabaka la juu, lile ambalo mvua na hewa za maelfu ya miaka zilikuwa zimekwisha kuligeuza madini mepesi kuyeyusha.

Wakati huo huo wengine walikuwa msituni wakitengeneza makala. Neno hili la Katanga ndilo mkaa au makaa ya kwingine. Makala ya tanuri la shaba hayakutoka kwa mti wowote tu. Ilitakiwa miti mizito ya miombo, kama mubanga ambao ubao wake unajulikana kwa ugumu, kwani mti mwepesi huwaka upesi na kuisha kabla jiwe halijalegea. Tanuri lilijengwa kwa udongo wa kichuguu. Mchwa huchagua chembe laini za udongo na kuzishikanisha, na udongo huo ukifinyangwa hustahimili moto bila kupasuka. Chini ya tanuri zilipenyezwa kewa, yaani mabomba ya udongo ya kupitishia upepo, na nyuma yake mivukuto ya ngozi ya swala iliyopigwa kwa zamu.

Ndani ya tanuri kilichotokea ni hiki. Malakiti ni shaba iliyoungana na oksijeni, kaboni na maji. Moto ulifukuza kwanza maji na hewa ya kaboni, jiwe likageuka jeusi. Kisha hewa ya makala yenye njaa ya oksijeni iliinyang'anya shaba oksijeni yake, na joto lilipopita nyuzi 1,085 za selsiasi shaba ilitiririka chini. Makala hapo si kuni tu: ni dawa inayofanya kazi ya kutenganisha, na kwa sababu hiyo hakukuwa na shaba bila mti. Donge lililopatikana liliyeyushwa tena ili lisafike, kisha likamiminwa kwenye kalibu zilizochorwa ardhini, za msalaba au za mche. Wahunzi wa Kiyeke waliendelea mbele zaidi: mche waliufua ukawa mwembamba, wakauvuta kupitia tundu moja baada ya jingine, kila moja dogo kuliko lililotangulia, mpaka ukawa waya mwembamba wa kuzungushia bangili.

Isidhaniwe kwamba kazi hiyo haikuumiza msitu. Iliukata, na mahali palipoyeyushwa shaba miaka mingi miti mikubwa iliadimika. Lakini mipaka ilikuwepo, na ilikuwa ndani ya kazi yenyewe. Msimu ulikuwa mfupi. Shimo lilikoma penye maji. Miti ya miombo, kama mutondo na jamii zake, ina tabia ya kuchipua upya kutoka kwenye kisiki ikiachwa ipumzike, na kijiji kilichohama kwenda machimbo mengine kiliyapa mapori yale miaka ya kupumzika. Zaidi ya hapo, mkuu wa wayeyushaji ndiye aliyejua mchanganyiko, dawa na miiko, na ujuzi huo haukutolewa kwa kila aliyetaka. Idadi ya matanuri haikuweza kuzidi idadi ya mafundi.

Alama za matanuri hayo zipo mpaka leo, na zinaoneshwa na ua. Haumaniastrum katangense ni mmea mdogo wa jamii ya mrehani, wenye maua ya zambarau, unaostahimili udongo wenye shaba nyingi kiasi cha kuua mimea mingine. Wanaakiolojia wa Katanga walipouona umeota kwa wingi mahali pasipo na mshipa wa madini, walichimba na kukuta vipande vya kewa, makala ya kale na mavi ya shaba. Tanuri lililozimwa karne kadhaa zilizopita lilikuwa bado linachagua mmea gani uote juu yake. Shaba haiozi wala haipotei. Ikishamwagika ardhini hukaa pale pale, na jambo hilo lilikuja kuwa na uzito mwingine kabisa katika karne ya 20.

Karne hiyo ilikuja na kampuni. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka 1913 ilikuwa imefika Kambove, jirani na Likasi. Mwaka 1911 kiyeyusho cha Lubumbashi, yaani kiwanda cha kuyeyushia shaba, kilitoa shaba yake ya kwanza kwa kutumia makaa ya mawe yaliyoletwa kwa treni kutoka Wankie, katika Zimbabwe ya leo. Mtu angetegemea kwamba makaa ya mawe yangeuokoa msitu. Haikuwa hivyo: maelfu ya watu walioletwa kufanya kazi walihitaji kupika, na majengo yalihitaji matofali ya kuchoma. Walya mukuba wenyewe walitoweka ndani ya kizazi kimoja. Ardhi ya madini ilikuwa ya kampuni, na mzee aliyejua kusoma rangi ya moto hakuwa na ruhusa ya kuokota jiwe.

Likasi ilikua kuzunguka machimbo yake, mitambo ya Panda, na kiwanda cha Shituru kilichoanza kazi mwaka 1929. Mji ulipewa jina la Jadotville, kwa heshima ya mhandisi wa Kibelgiji Jean Jadot aliyekuwa kati ya wakuu wa kampuni, na jina la Likasi lilirudi mwaka 1966. Shituru ilileta njia mpya ya kupata shaba. Jiwe lilisagwa, likalowekwa kwenye asidi ya salfa, na shaba iliyoyeyuka ndani ya maji ikavutwa kwa umeme hadi ikaganda juu ya mabamba. Moto haukuhitajika tena. Kilichohitajika kilikuwa maji na umeme kwa wingi, na kwa ajili hiyo Mto Lufira ulizibwa Mwadingusha, bwawa lililoanza kutoa umeme mwaka 1930. Nyuma ya bwawa hilo lilijaa Ziwa Tshangalele, ziwa pana lenye kina kidogo, ambalo wavuvi na ndege wa majini walilifanya lao.

Hapo ndipo ulaji wa shaba ulipobadilika sura. Tanuri la udongo lilikula miti na kuacha gofu dogo lenye maua ya zambarau. Kiwanda kilikula maji na kuyatema yakiwa yamebeba shaba, kobalti na metali nyingine, kupitia vijito vinavyoingia Mto Panda na Lufira hadi ziwani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji wamekuta metali hizo kwenye matope ya ziwa, kwenye samaki, na, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009, kwenye mikojo ya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kusini mwa Katanga, wakiwemo watoto. Jambo linalotia uchungu ni kwamba bonde hilo hilo lilikuwa limetambuliwa na UNESCO tangu mwaka 1982 kuwa hifadhi ya biosfea, na mwaka 2017 Bonde la Lufira liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Sanaa ya shaba, iliyokufa pamoja na matanuri, ilifufuka kwa njia nyingine. Elisabethville ndiyo iliyopata shule, ingawa ya uchoraji. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji iliyojulikana kwa jina la Le Hangar. Hakuwapa wanafunzi wake picha za Ulaya wazinakili. Aliwataka watazame yaliyo mbele yao. Matokeo yake ni kwamba picha za kwanza za shule ya sanaa ya Katanga zimejaa ndege, samaki, nyoka, swala na majani. Pilipili Mulongoy alichora ndege na samaki kwa mistari safi. Mwenze Kibwanga alijenga watu na wanyama kwa vijistari vifupi vilivyopangwa bega kwa bega. Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole. Mwaka 1951 mchoraji wa Kibelgiji Laurent Moonens alifungua Akademia ya sanaa katika mji huo, na Romain-Desfossés alipofariki mwaka 1954 baadhi ya watu wa Le Hangar waliendelea huko, Pilipili na Mwenze wakiwa walimu. Hakuna aliyeziita kazi hizo utetezi wa mazingira. Lakini zikitazamwa leo ni kumbukumbu ya msitu na mito ya Katanga kabla ya mji kuvimeza, na thamani yao kama ushahidi haipungui thamani yao kama picha.

Jadotville haikuwa na akademia. Sanaa yake ilikuwa ya barabarani: mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki, alimkuta hapo kijana Jean Bosco Mwenda akipiga gitaa mtaani na kurekodi wimbo wa "Masanga" uliomfanya ajulikane Afrika nzima. Ufundi wa shaba nao ulisambaa kwa njia ya aina hiyo, wa karakana, fundi akimfundisha mwanagenzi aliyeketi kando yake.

Kufua shaba kwa namna mpya hakuanzii kwenye jiwe bali kwenye bamba lililo tayari. Fundi hulipasha bamba moto mpaka lianze kuwa jekundu, kisha huliacha lipoe. Kwa kufanya hivyo shaba hulainika na kukubali nyundo. Huchora sura kwa penseli, akaliweka bamba juu ya kitu kinachobonyea, na kugonga upande wa nyuma kwa tindo butu za ukubwa mbalimbali ili umbo livimbe mbele. Hugeuza, akasawazisha mandharinyuma na kukaza mistari, akageuza tena. Shaba ikigongwa sana huwa ngumu na kutaka kupasuka, hivyo hurudishwa motoni, pengine mara kadhaa kwa picha moja. Mwisho hutiwa dawa inayoifanya nyeusi na kusuguliwa: palipoinuka panang'aa, palipobonyea panabaki giza. Tembo, mama na mtoto, wawindaji, barakoa na misalaba ya kale ndizo sura zilizopendwa na wanunuzi wengi.

Kwa upande wa mazingira ufundi huu una fadhila ambayo haitajwi vya kutosha. Shaba huyeyuka na kutumika tena bila kupoteza ubora. Bamba lililokatwa vibaya, kipande kilichobaki, waya wa umeme uliochakaa, vyote hurudi kwenye moto na kuwa kitu kingine, na moto wa kuyeyusha shaba iliyo safi tayari ni mdogo sana kuliko wa kuitoa jiweni. Tatizo ni asili ya mabaki hayo. Nyaya zinazokatwa usiku kutoka kwenye njia za umeme huyeyushwa kama nyingine, na shaba ikishayeyuka haioneshi ilikotoka. Fundi mwaminifu hulazimika kumjua anayemletea.

Malakiti ina masharti yake. Jiwe hili ni laini, hukwaruzwa kwa kisu, na likikatwa huonesha mizunguko ya kijani kilichokolea na kilichopauka. Hukatwa kwa msumeno, husagwa kwa gurudumu, kisha husuguliwa kwa misasa ya chembe ndogo na ndogo zaidi hadi iwe kama kioo. Vipande vikubwa huwa tembo, mayai, visahani na misalaba. Vidogo hutobolewa kuwa shanga au hubandikwa juu ya visanduku vya mbao, na fundi hodari huvipanga hivi kwamba mizunguko ya kipande kimoja inaendelea kwenye cha pili. Shida kubwa ni vumbi. Vumbi la malakiti ni vumbi la shaba, na likivutwa siku baada ya siku huumiza kifua. Maji yanayodondoka juu ya gurudumu huliua vumbi kabla halijaruka. Kitambaa puani peke yake hakitoshi. Tena, katika nchi hii si kila jiwe la kijani ni malakiti. Magharibi mwa Likasi kipo Shinkolobwe, mgodi uliogunduliwa mwaka 1915 na uliotoa urani ya mabomu ya kwanza ya atomiki. Ulifungwa mwaka 1960, na mwaka 2004 serikali ilipiga marufuku uchimbaji wa mikono uliokuwa umerudi hapo. Baadhi ya madini ya urani ya Katanga nayo ni ya kijani, mazuri machoni, na si ya kuwekwa mezani pa mtu.

Wachoraji wa mtaa, nao, waligeuza taka kuwa kitambaa cha kuchorea. Katika miaka ya 1970 picha za ukutani zilinunuliwa na wafanyakazi wenyewe katika miji ya Katanga, na mchoraji aliyekosa turubai alichukua gunia la unga, akalitandaza kwenye fremu na kulipaka rangi ya msingi. Juu ya magunia hayo Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947, alichora historia ya nchi yake katika picha zaidi ya 100, nyingi mwaka 1973 na 1974. Hakutumia gunia kwa kuhubiri utunzaji wa mazingira; alitumia kilichopatikana. Lakini ndivyo kanuni nyingi nzuri zilivyoanza katika karakana za Katanga: umaskini wa vifaa ulifundisha kutotupa.

Umaskini wenyewe ulizidi baadaye. Union Minière ilikuwa imetaifishwa kuanzia mwaka 1967 na hatimaye kuitwa Gécamines. Mwaka 1986 ilitoa tani 476,000 hivi za shaba, na miaka isiyofika kumi baadaye ilikuwa haifikishi tani 50,000. Mwaka 1992 Likasi ilishuhudia watu wenye asili ya Kasai wakifukuzwa majumbani mwao na kurundikana kwenye stesheni ya reli kusubiri treni, jeraha ambalo mji haujalisahau. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi kwa mpango ulioitwa wa hiari. Wengi wa waliobaki bila mshahara walielekea sehemu mbili: machimbo ya mikono, na msitu.

Msituni walikwenda kuchoma makala. Magogo hukatwa, hupangwa kwa marefu, hufunikwa kwa majani na udongo, na kuwashwa kupitia tundu moja. Kwa siku nyingi mchomaji hulala kando ya tanuri, akiziba nyufa usiku na mchana, kwa sababu ufa mmoja ukiachwa hewa huingia na magogo yote huwa majivu. Moshi mweupe huonesha maji yanatoka; ukigeuka wa samawati na kuwa mwepesi, makala yameiva. Hufungashwa kwenye magunia marefu na kusukumwa kwa baiskeli hadi mjini, ambako umeme wa mabwawa ya Lufira haufiki kila jiko, wala hauwaki kila siku. Kanuni ya kale ya kupumzisha pori ilivunjika hapa. Mnunuzi wa makala ni mji mzima, tena kila siku ya mwaka, kiangazi na masika. Mutondo ukikatwa kabla chipukizi hazijakomaa, na moto ukipita kila mwaka, kisiki huchoka na kufa. Pamoja na mti hupotea uyoga unaoishi na mizizi yake na viwavi wanaokula majani yake, vyakula viwili ambavyo familia za Katanga huvisubiri kwa hamu kila masika.

Wanasayansi wa kilimo walirudi kwenye ujuzi wa maua ya shaba. Lubumbashi, katika mtaa wa Penga Penga ulio upande ambako upepo ulipeleka moshi wa kiyeyusho tangu mwaka 1911, ardhi ilibaki uchi. Chuo Kikuu cha Lubumbashi na washirika wake wa Ubelgiji walijaribu kuifunika kwa Microchloa kunthii, jani fupi linaloota lenyewe juu ya vilima vya shaba. Jani hilo haliiondoi shaba. Huishikilia: mizizi yake hufunga udongo usipeperushwe madirishani na usisombwe na mvua hadi kisimani, hasa chokaa na mboji vinapoongezwa kupunguza makali ya metali. Ni kazi ya polepole, ya mkono na jembe, na inategemea kulindwa kwa mimea ya asili ya vilima vya shaba, ambayo baadhi yake haioti kwingine kokote duniani na hupotea kila kilima kinapochimbwa chote.

Wasanii nao walirudi kwenye magofu. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alipiga picha mitambo iliyokufa ya Gécamines na kuwapachika ndani yake wafanyakazi na vibarua wa picha za kikoloni. Mfululizo huo, "Mémoire", ni wa mwaka 2006. Miaka miwili baadaye yeye na wenzake walianzisha Picha, kituo cha sanaa kinachoandaa Bienale ya Lubumbashi. Bienale ya mwaka 2022 iliitwa ToxiCité, neno linalounganisha mji na sumu, na ilileta wasanii kushughulikia hewa, maji na udongo wa mji wa madini kama malighafi na kama jambo la kuulizwa.

Katika karakana ndogo, suala hilo hushughulikiwa kwa kipimo cha ndoo. Maji yanayotoka kwenye gurudumu la malakiti ni ya kijani kama majani mabichi. Yakimwagwa uani hufuata mtaro, huingia kwenye kijito, na kujiunga na yale yanayoelekea Lufira. Yakiachwa kwenye ndoo mpaka kesho yake, tope hutuama chini na maji ya juu huweza kurudishwa kwenye gurudumu. Tope likikauka ni unga laini wa kijani, rangi ile ile ambayo wachoraji wa Misri ya kale waliipata kwa kusaga jiwe hilo hilo, na kilo zake kadhaa zikikusanywa zina shaba ya kutosha kurudi motoni.